Jiwe la Rumuruti na Thamani ya Shahidi katika Bonde la Ufa

Usiku wa Januari 28, 1934, kimondo kilianguka karibu na Rumuruti, mji mdogo wa Laikipia, Kenya, ulio kaskazini mwa Nyahururu. Kilichohifadhiwa ni kipande kimoja cha gramu 67, kizito kidogo tu kuliko yai la kuku. Kipande hicho kiko Ujerumani, katika makumbusho ya historia asilia ya Berlin.

Miaka ipatayo 60 ilipita kabla ya wataalamu kukichambua kwa kina. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, ilibainika kwamba hakikufanana na vimondo vya kawaida. Vimondo vingi vya mawe hubeba chembe za chuma halisi. Hiki karibu hakina, kwa kuwa chuma chake kilikwisha kuungana na oksijeni na kuingia ndani ya madini ya olivini. Uwiano wa isotopu za oksijeni nao ulikitenga na makundi yaliyojulikana. Mawe ya jamii hiyo yalikuwa yameokotwa Carlisle Lakes, Australia, na katika barafu ya Antaktika, lakini hakuna aliyeyaona yakishuka. Cha Rumuruti kilishuhudiwa, na kwa hiyo kundi zima likapewa jina lake. Leo jiwe la namna hiyo likiokotwa Sahara au katika majangwa ya Oman, huandikwa kwa herufi R, yaani Rumuruti.

Heshima hiyo ilitokana na ushahidi wa macho, na hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya: katika Bonde la Ufa, shahidi ana uzito mkubwa kuliko alio nao jangwani au barafuni.

Sababu yake ni ardhi yenyewe. Katika barafu nyeupe, jiwe jeusi hujitangaza. Kuzunguka Nakuru, mawe meusi ndiyo ardhi: lava ya Menengai, vioo vya volkeno vya Eburru, majivu yaliyofunika mashamba. Mgeni akisimama ukingoni mwa Menengai anaweza kudhani kwamba shimo lile, lenye kilomita zipatazo 12 kwa 8, lilichimbwa na asteroidi. Sivyo. Mlima wa volkeno ulimwaga magma yake, paa likakosa mhimili, likaporomoka. Sumaku nayo haimalizi shaka, maana lava nyingi zina magnetiti inayoivuta, ilhali jiwe la Rumuruti karibu halina chuma halisi. Anayeokota jiwe kwenye shamba la Njoro bila kujua lilifikaje hapo hana budi kulipeleka maabara, au kulitupa.

Aliyeliona likianguka ana jambo la ziada mkononi. Mwanga humfikia papo hapo, lakini sauti kutoka kilomita 30 huchukua dakika moja na nusu hivi. Akihesabu sekunde hizo, akakumbuka saa, na akaeleza kama mwali ulipita upande wa Menengai au wa Longonot, maelezo yake yakiunganishwa na ya wenzake hutoa njia ya kimondo na eneo la kutafuta. Jiwe likiokotwa mapema, mvua huwa haijalitia kutu.

Khartoum ilionyesha jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Oktoba 2008, asteroidi 2008 TC3, yenye upana wa mita zipatazo nne, iligunduliwa saa 20 hivi kabla ya kulipuka juu ya Jangwa la Nubia nchini Sudan. Wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na wanaastronomia Muawia Shaddad na Peter Jenniskens, waliupekua mchanga kwa miguu hadi wakakusanya mamia ya vipande. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mawe kuokotwa kutoka katika asteroidi iliyogunduliwa ikiwa bado anga za juu kabla ya kuanguka.

Kenya haijakosa mawe. Asubuhi ya Julai 16, 2011, vimondo vilianguka eneo la Thika. Mwaka 2016, mawe ya chuma na olivini yalitambuliwa karibu na Sericho, Isiolo, ambako wachungaji wa ngamia walikuwa wakiyaona kwa miaka mingi. Uzito wake wote ulizidi tani mbili, na mengi yakaishia mikononi mwa wakusanyaji wa nchi za nje. Macho yapo. Kinachopaswa kujengwa ni njia ya kutoka kwa mchungaji hadi maabara: ofisi ya kupokea taarifa, kamera za usiku juu ya paa za shule, na sampuli inayobaki nchini.

Fursa ya kuanza ina tarehe. Usiku wa Aprili 13, 2029, asteroidi Apophis, yenye upana unaozidi mita 300, itapita kilomita zipatazo 32,000 kutoka usoni mwa Dunia, karibu zaidi kuliko setilaiti nyingi za televisheni. Haitagonga, na Afrika ni miongoni mwa mabara yatakayoiona kwa macho matupu mawingu yakiruhusu. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro. Shule zimejaa kutoka Naivasha hadi Nyahururu. Wanafunzi wakifunzwa usiku huo kupima upande, kuandika saa na kulinganisha daftari zao, kimondo kijacho cha Laikipia kitawakuta tayari.