Haki Iliyoingia Drafti kwa Mlango wa Nyuma

Siku hizi ubishi wa nani aanze kucheza drafti ukizuka, hakosekani wa kusema kwamba kompyuta ilishamaliza kesi. Ni kweli, mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kuwa pande zote mbili zisipokosea, mchezo huishia sare. Lakini walichokichunguza ni drafti ya Waingereza na Wamarekani, ambayo kingi wake husogea nyumba moja moja. Kingi wa vijiweni kwetu hukimbia ubao mzima. Uthibitisho ule hautuhusu. Na hata ungetuhusu, watu wawili waliokaa kwenye benchi wakicheza kwa vizibo vya soda watakosea tu, na kosa dogo humuumiza zaidi aliyepewa upande mgumu.

Asili ya drafti huko Ulaya ya zama za kati imeandikwa na wengi, naiacha. Kinachonivuta ni Uskoti ya karne ya 19. Hapo ndipo alipotokea Andrew Anderson, ambaye kitabu chake cha mwaka 1852 kilisaidia kuziweka kanuni sawa, na mpinzani wake James Wyllie, aliyefahamika kwa jina la utani la kijana mchungaji. Na hapo ndipo ilipochezwa mechi ambayo ingefaa kila mwandaaji wa mashindano aijue: Wyllie na Robert Martins, mwaka 1863, wakigombea ubingwa. Walicheza michezo 40. Yote 40 ilikuwa sare, na mingi ilikuwa marudio ya hatua zilezile, maana kila mmoja alishajua njia salama na hakuwa na sababu ya kuiacha.

Mechi hiyo huzungumzwa kama kichekesho. Mimi naiona kuwa ushahidi mzito. Hapakuwa na dhuluma kati ya Wyllie na Martins; upande wa kuanza haukumbeba yeyote. Usawa ulikuwa kamili, na mchezo ulikuwa umekufa. Kwa hiyo wanaosema kura ya mwanzo, yaani kuokota karata inayowalazimisha wachezaji hatua za kwanza, ilibuniwa ili kutenda haki wanaisoma historia kinyumenyume. Ilibuniwa kuua sare.

Dawa yenyewe ilianza kushika mwanzoni mwa karne ya 20. Anayeanza ana hatua 7 tu za kuchagua, na mwenzake ana 7 za kujibu. Jumla ni mianzo 49. Waandaaji wakaondoa ile inayompa mtu kete ya bure, iliyobaki wakaiandika kwenye karata, na karata ikiokotwa wachezaji hawana hiari tena. Marekani ikaongeza hatua ya tatu, na mfumo huo ulikuwa umeshika ubingwa wao kufikia mwaka 1934. Leo karata hizo ni 156.

Hatua tatu za kulazimishwa zaweza kumwacha mmoja taabani kabla hajafikiri lolote. Ikabidi basi kila karata ichezwe mara mbili: mchezo wa kwanza wewe ubebe upande mbovu, wa pili niubebe mimi. Kanuni ya kupokezana mzigo ilikuwapo tangu zamani, lakini sasa ndipo ilipopata maana, kwa kuwa sasa palikuwa na mzigo. Marion Tinsley alitawala drafti kwa miaka 40 hivi chini ya utaratibu huu, na mwaka 1992 mjini London aliishinda programu ya Schaeffer, Chinook, kwa michezo 4 dhidi ya 2, sare 33. Hakuna anayeweza kusema rangi ya kete ndiyo iliyompa ushindi.

Wapo waliolalamika, na mashindano ya kuanza utakavyo yangali yanachezwa. Hoja yao kwamba karata humnyima bingwa sanaa yake siipi uzito. Sanaa ipi ilionekana katika sare 40? Michezo mingine nayo haijapata dawa bora: sataranji bado inaridhika kugawa rangi kwa zamu, na mashindano ya raundi 9 humpa mmoja nyeupe mara 5 na mwingine mara 4. Wachezaji wa mchezo wa go humlipa anayecheza wa pili pointi za fidia, lakini Japani hutoa 6.5 na China 7.5, jambo linaloonyesha jinsi fidia ilivyo ya kubahatisha.

Kwetu, kete za kawaida huanza kama zile za Uskoti, kwa hiyo mianzo ya hatua mbili ni ileile 49. Tofauti huja baadaye, kingi wetu anapoanza kuruka. Karata ipi ni sumu kwetu na ipi inachezeka hatuwezi kuazima kwa Waskoti. Itajulikana tu wachezaji wetu wakubwa wakianza kuandika michezo yao, hatua kwa hatua, pamoja na upande uliopoteza.