Mkono wa mpira kabla ya mkono wa mgonjwa: mafunzo ya kuupata mshipa wa damu

Kuupata mshipa wa damu ni hatua inayotangulia tiba nyingi za dharura. Mtoto aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara, mama anayevuja damu baada ya kujifungua na majeruhi wa ajali, wote huhitaji dripu au damu kwa haraka. Lakini ni hao hao ambao mishipa yao hunywea, ikawa vigumu kuonekana au kupapaswa.

Kwa muda mrefu, wanafunzi wa udaktari na uuguzi walijifunza kazi hiyo kwa wagonjwa wenyewe. Kosa la mwanafunzi lililipwa na mgonjwa: kuchomwa mara nyingi, kutobolewa ateri badala ya vena au, sindano inapoingizwa chini ya mtulinga, kutobolewa pafu.

Mifano ya mafunzo imekusudiwa kupunguza madhara hayo. Ulio wa kawaida ni mkono wa mpira wenye mirija inayopitisha maji mekundu. Sindano ikifika mahali pake, maji hayo hutokea. Kwa vena kubwa za shingoni hutumika kiwiliwili bandia kinachoweza kupimwa kwa altrasaundi. Hapo hufundishwa mbinu ya daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, iliyochapishwa mwaka 1953: sindano huingizwa, waya laini hupitishwa ndani yake, sindano hutolewa, kisha katheta hufuata njia ya waya.

Utafiti wa Chicago, Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha faida yake. Baada ya madaktari walio mafunzoni kufunzwa kwa mifano hadi kufikia kiwango kilichowekwa, maambukizi ya damu yatokanayo na katheta katika wodi ya wagonjwa mahututi yalishuka kutoka 3.2 hadi 0.5 kwa kila siku 1,000 za matumizi ya katheta.

Si lazima vifaa viwe vya gharama kubwa. Mnofu wa kuku uliopitishiwa mrija mwembamba wenye maji huonekana kwenye altrasaundi mithili ya mwili na mshipa wake. Mfupa wa mguu wa kuku nao hufundishia kuingiza sindano mfupani, njia inayotumika hasa kwa mtoto mahututi ambaye mshipa wake haupatikani.

Hata hivyo, mfano haulii, haushtuki wala hauogopi. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi aliyefuzu kwenye mfano bado huhitaji kusimamiwa na mzoefu anapomchoma mgonjwa kwa mara ya kwanza.