Saa inayoandika wakati

Vijana wenzangu, leo tuongelee kitu kidogo: saa ya mkono.

Hapa Gisenyi, jirani yetu ni mzee mmoja aliyekimbia Goma kama sisi. Nyumba aliiacha, mbuzi aliwaacha, lakini hii saa alivuka nayo mkononi. Mimi nilidhani ni pambo tu. Siku moja akanipa niishike: "Iangalie polepole, mwanangu."

Ubavuni ina vitufe viwili. Cha juu kinaanzisha na kusimamisha mshale mrefu mwembamba, cha chini kinaurudisha kwenye sifuri. Saa ya namna hii inaitwa kronografu, kwa Kigiriki "mwandika wakati". Na zamani iliandika kweli! Mwaka 1821, Nicolas Rieussec alipima mbio za farasi kule Paris kwa mashine iliyotia alama za wino. Kabla yake, mwaka 1816, Louis Moinet alishatengeneza yake ya kufuatilia nyota. Mpangilio huu wa vitufe viwili tunaoujua leo, Breitling waliuleta mwaka 1934.

Kuna kiduara kidogo cha dakika 30. Mistari ya 3, 6 na 9 ni mirefu kuliko mingine. Kwa nini? Wapenzi wa saa husema ni kwa sababu simu za mbali zililipiwa kwa vipande vya dakika tatu. Sisi tunaokatiwa maongezi na vocha kuisha, tunaelewa!

Pembeni kabisa kuna duara mbili za namba. Moja inapima umbali. Ukiona mwanga unabonyeza, ukisikia mlio unabonyeza tena, mshale unakuonyesha kilomita. Sauti huchukua karibu sekunde tatu kwa kilomita moja. Wanajeshi waliitumia kujua mizinga ya adui iko wapi. Januari 2025, mabomu yalipolia Goma, hakuna aliyehitaji saa kujua kwamba ni karibu. Sasa mzee anafundisha watoto kupima radi juu ya Ziwa Kivu. Wakiona namba inaongezeka, wanatulia: mvua inaenda mbali.

Duara ya pili ni ya mapigo ya moyo. Unahesabu mapigo 30, unasimamisha, unasoma ni mangapi kwa dakika. Mzee alikuwa muuguzi. Usiku mmoja mdogo wangu alichemka homa. Mzee alimshika mkono, akabonyeza. Mapigo 30 yaliisha kwa sekunde 15 tu, yaani 120 kwa dakika. Akasema, "Tusingoje asubuhi, twende kwa daktari sasa hivi." Tukaenda. Leo mdogo wangu anacheza mpira.

Ndugu zetu mnaotusaidia, mkituandikisha mnatuuliza tulipoteza nini. Siku nyingine mtuulize pia tulikuja na nini. Na wewe kijana, nyumbani kwenu kuna kitu gani cha zamani? Muulize mwenye nacho kinafanyaje kazi, angali yupo.