Wafu Wanaporejea: Nafasi ya Pili katika Riwaya za Vijana na katika Riwaya Yetu

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza kwa nini fasihi ya Kiswahili haina riwaya kama Before I Fall. Alikuwa ametazama filamu yake ya mwaka 2017. Swali hilo lilinikera kidogo, kisha likanirejesha maktabani.

Tuanze na huko alikokutaja. Riwaya hiyo ya Lauren Oliver ilitoka mwaka 2010. Sam, msichana wa shule ya upili, anafariki katika ajali ya gari kisha anaamka na kuiishi upya siku ileile, mara saba kwa jumla. Mwaka mmoja kabla yake, Gayle Forman alikuwa amechapisha If I Stay, ambamo nafsi ya Mia imetoka mwilini na anapaswa kuamua iwapo atabaki duniani bila wazazi wake na mdogo wake. Mwaka 2005, katika Elsewhere, Gabrielle Zevin alibuni nchi ya wafu ambako umri hurudi nyuma hadi mtu awe mtoto mchanga na kurejeshwa duniani. Waandishi wote watatu ni wa Marekani, na kila mmoja anamweka kijana mwenyewe mlangoni pa kifo. Hata hivyo, mbinu yenyewe ni kongwe. Mwaka 1843 Charles Dickens alimwonyesha bahili Scrooge kaburi lake mwenyewe, akingali hai, naye akabadili mwenendo.

Je, kwetu? Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anasimulia jinsi Hasidi na Mwivu wanavyomtupa ndugu yao baharini kwa wivu. Adili anaokolewa na jini, nao wanageuzwa manyani. Kisa hiki kina asili yake katika Alfu Lela Ulela. Huko ndugu hao wanarudishiwa ubinadamu, wanarudia uovu wao na kuangamia. Shaaban Robert hakuukubali mwisho huo. Kwake ndugu hao wanasamehewa na msamaha unadumu. Nafasi ya pili ni uamuzi wa mwandishi hapa, tena uamuzi mzito, na nashangaa kuwa tunawafundisha watahiniwa maadili ya hadithi hii bila kuwaonyesha kilichobadilishwa.

Muhammed Said Abdulla alifuata njia nyingine. Anwani ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960) inatuahidi mizuka, lakini Bwana Msa anachunguza na kuukuta mkono wa binadamu. Mfu wake harudi.

Anayerudi ni babu wa K. katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. K. ni mtu mwenye cheo na anasa, na marehemu babu yake anamchukua safari ya kumwonyesha yale aliyoyafumbia macho. Baadhi ya walimu wenzangu husema mambo kama haya ni ushirikina usiofaa darasani. Sikubaliani nao. Uhalisiajabu huu unamshtaki kiongozi aliye hai, na babu hakurudi kwa ajili ya maisha yake mwenyewe.

Tofauti iko hapo, na mtahiniwa anayelinganisha kazi hizi aishike vizuri. Sam, Mia na Liz wanakabili mauti yao wenyewe. K. yu hai na anaonywa na mfu wa ukoo wake, kwa hivyo swali ni iwapo atawajali watu aliowasahau. Asiandike tu kwamba "mwandishi ametumia fantasia" akadhani amemaliza. Aeleze ni nani anayepewa nafasi ya pili, na ni nani anayedai deni.

Nilimpa mwanafunzi yule nakala yangu ya Babu Alipofufuka. Aliirudisha baada ya wiki moja, akasema ameipenda, ila mhusika mkuu ni mtu mzima. Sikuwa na jibu. Riwaya ya Kiswahili ya kijana anayekufa na kupewa siku moja zaidi haimo katika maktaba yetu.