Mlango wa Botanichesky Sad: Woga na Ridhaa katika Riwaya za Metro za Dmitry Glukhovsky

Agosti 2023, mahakama moja ya Moscow ilimhukumu mwandishi Dmitry Glukhovsky kifungo cha miaka minane kwa kosa la kueneza habari za uongo kuhusu jeshi la Urusi. Mshtakiwa hakuwepo kizimbani. Alikuwa ameshaihama nchi, na tangu mwaka 2022, baada ya kuvipinga hadharani vita vya Ukraine, jina lake lilikuwa limeingizwa katika orodha ya wanaosakwa, kisha katika ile ya “mawakala wa kigeni”. Kuanzia hapo imezuka tabia ya kumsoma kinyumenyume: mhakiki anaanza na hukumu, halafu anazirudia riwaya kutafuta utabiri. Usomaji huo unampa heshima mtu, ila unaipunja kazi yake. Glukhovsky hakutabiri. Alichunguza namna watu wanavyoridhia kufungiwa, na nitadai kwamba aliichunguza kwa kina zaidi katika Metro 2033, kitabu cha ujanani kinachobezwa kuwa ni burudani ya wapenzi wa michezo ya kompyuta, kuliko katika Metro 2035, inayosifiwa kwa ujasiri wake wa kisiasa.

Alizaliwa Moscow mwaka 1979, akasomea uandishi wa habari na uhusiano wa kimataifa katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, akafanya kazi Euronews mjini Lyon, kisha Russia Today, televisheni ya dola. Hilo la mwisho wanaotaka kumchora kama mpinzani wa tangu utotoni hulipita mbiombio, ilhali ndilo lenye faida kwa mhakiki: huyu ni mtu aliyeiona habari ikipikwa, akiwa jikoni mwenyewe.

Metro 2033 aliiweka mtandaoni mwaka 2002, bure, baada ya wachapishaji kutoitaka. Katika toleo hilo la awali shujaa wake, Artyom, alikufa kwa risasi isiyomlenga, kifo cha bahati mbaya tu. Wasomaji walilalamika, wakabishana naye, wakamsahihisha. Mwandishi akaiendeleza hadithi mpaka ikapata mwisho tunaoujua leo, na mwaka 2005 ikatoka kitabuni. Huko nyuma, riwaya ya Kirusi iliyokosa njia rasmi ilipita kwa nakala za siri, mkono kwa mkono. Hapa hapakuwa na siri yoyote. Kilichokuwa kigeni ni kwamba msomaji aliingia katika utunzi wenyewe, na nadhani alama za mabishano hayo bado zinaonekana katika muundo wa riwaya: Artyom anasafiri kutoka kituo hadi kituo, na karibu kila anayekutana naye ana nadharia yake ya kuueleza ulimwengu. Wahakiki waliochoshwa na hotuba hizo wana haki ya kuchoka. Lakini hotuba hizo ndizo kitabu.

Dunia ya riwaya ni reli ya chini ya ardhi ya Moscow, miaka ishirini baada ya vita vya nyuklia. Uteuzi wa mahali una uzito wake. Reli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1935, ilijengwa iwe fahari ya dola. Mwaka 1941 wakazi walijikinga humo dhidi ya mabomu ya Wajerumani, na Novemba mwaka huohuo Stalin alihutubia katika kituo cha Mayakovskaya. Kwa hiyo kasri na handaki vilikwishakuwa kitu kimoja kabla Glukhovsky hajashika kalamu. Yeye aliongeza mipaka. Vituo vya njia ya mzunguko vimekuwa shirikisho la wafanyabiashara, njia nyekundu ni ya wakomunisti, na vituo vitatu vya katikati vimetekwa na wafashisti. Watu wanakula uyoga na nyama ya nguruwe wanaofugwa gizani. Fedha yao ni risasi za bunduki. Kila anayenunua chai anapunguza uwezo wake wa kujilinda, na mwandishi, kwa busara, hasimami kutufafanulia hilo.

Hofu kuu ya vituo vya pembezoni ni viumbe weusi wanaotoka juu. Artyom anatumwa kutafuta msaada wa kuwaangamiza, na ndani yake amebeba siri: alipokuwa mtoto, yeye na wenzake walikwenda kituo kilichohamwa cha Botanichesky Sad, wakaufungua mlango mzito wa chuma, na hawakuufunga tena. Anaamini maafa yote yameingilia hapo. Safari nzima, basi, inasukumwa na hatia. Mwishoni, akiwa juu ya mnara wa Ostankino, makombora yakiwa yameshaelekezwa, ndipo anapotambua kwamba viumbe hao walikuwa wakitafuta kuzungumza. Amechelewa. Hakuna serikali iliyomdanganya. Uongo uliowaua viumbe hao ulitungwa na woga wa watu wa kawaida, wakaulea kwa nia njema kabisa.

Metro 2035, ya mwaka 2015, inaupa uongo mwenyewe. Artyom, sasa mtu mzima anayepanda juu kila mara kusaka sauti redioni, anagundua kwamba dunia haikufa: mitambo inazuia mawimbi ili wakazi wasijue kuwa miji mingine ipo hai, na nyuma ya tawala zinazopigana kuna kundi moja la watawala. Anawatangazia watu. Hawatoki. Tukio hilo la kukataa kutoka ni kali, na pengine ndilo bora katika kitabu chote. Ila kurasa nyingi kabla yake zinatupa adui mwenye sura na ofisi, na msomaji anapumua: kumbe ni wao, si mimi. Metro 2033 haimpi nafuu hiyo.

Naweza kujibiwa kwamba kitabu cha kwanza hakina hata wanawake wa maana, na kwamba nathari yake ni ya kijana wa miaka ishirini na kitu. Yote mawili ni kweli, na la wanawake halitibiwi vizuri hata katika vitabu vilivyofuata. Anya, mke wa Artyom katika Metro 2035, yupo zaidi ili achukizwe na safari za mumewe. Kwa upande wa wahusika, Text ya mwaka 2017, riwaya isiyo na sayansi wala mazimwi, inamshinda Glukhovsky wa Metro kwa mbali.

Kuhusu michezo ya kompyuta, dharau ya wahakiki inahitaji kupimwa upya. Mchezo wa kwanza wa Metro, wa mwaka 2010, ulitengenezwa na 4A Games, kampuni iliyoanzishwa Kyiv. Na mchezo huo unamruhusu mchezaji kufanya jambo ambalo riwaya inamnyima Artyom: akiwa amesikiliza na kuhurumia vya kutosha njiani, anaweza kuyazuia makombora. Wasomaji wa mwaka 2002 walidai shujaa asife. Wachezaji wakapewa nafasi ya kumzuia asiue.