Lugha na Malezi ya Walimu katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Historia ya kuwaandaa walimu katika eneo la Makobola, kati ya Uvira na Baraka, haiwezi kutenganishwa na historia ya lugha. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitoa mpango uliozipa lugha za Kiafrika nafasi katika madarasa ya chini. Mwaka 1962, baada ya uhuru, Kifaransa kikafanywa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Sheria ya 1986, na baadaye ile ya 2014, zikakirudishia nafasi Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa.

Hata hivyo, malezi ya walimu wenyewe yaliendelea kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa ualimu alijifunza mbinu katika lugha moja, kisha akatakiwa kuzitumia katika lugha nyingine. Daraja lilikuwa mafunzo ya vitendo: kuandaa somo, kulifundisha mbele ya mwalimu mzoefu na kusahihishwa. Hapo ndipo msamiati wa hesabu kwa Kiswahili uliporithishwa kwa mdomo, ili uwafae watoto ambao nyumbani husema Kibembe au Kivira.

Vita vya 1996 vilifuatwa na mauaji ya mamia ya raia huko Makobola, mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999. Pamoja na msiba huo huja hasara isiyohesabika kwa urahisi: mlezi akitoweka, maarifa yasiyoandikwa hutoweka naye. Hivyo basi, kuandika miongozo ya ualimu kwa Kiswahili ni sehemu ya kuyahifadhi.