Kijidudu Kilichoonekana Mwaka 1885



Mwaka 1885, mjini Munich, Ujerumani, daktari wa watoto Theodor Escherich alichunguza choo cha watoto wachanga kwa darubini. Akaona bakteria wenye umbo la vijiti. Leo wanaitwa E. koli, kwa jina lake. Wengi wao hukaa tumboni bila madhara. Wakiingia njia ya mkojo, ndipo mkojo huchoma na mama huenda msalani kila mara. Kwa hivyo ugonjwa huu si laana, wala si ushahidi wa uzinzi.

Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, tena iko karibu na ya haja kubwa. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na umfundishe binti yako. Kunywa maji ya kutosha. Usizuie mkojo. Kojoa baada ya tendo la ndoa.

Mwaka 1935, Gerhard Domagk alitangaza dawa ya kwanza ya jamii ya salfa, na baadaye dawa hizo zikatibu wengi. Lakini mwaka 1945 Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kwamba dozi pungufu huwazoesha vijidudu dawa. Ndivyo ilivyotokea. Basi usigawane vidonge na jirani. Maliza dozi uliyopewa.

Mama mjamzito mwenye dalili hizi, mtu mwenye homa na maumivu ya ubavuni, au mtoto anayelia akikojoa, afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, kabla figo hazijadhurika.